Lafudhi ya Kiafrika ya wapi?

Saa tano usiku, miwani nishavua, simu ikalia. Mtoto wa kaka yangu. "Shangazi, shikamoo. Nisamehe kwa usiku huu. Kuna usaili wa filamu ya wazungu, wanatafuta msichana wa Afrika Mashariki, miaka ishirini mpaka thelathini, na fomu mwisho kesho asubuhi. Nimejaza yote, nimekwama kwenye asili. Kuna Mwafrika Mweusi, kuna Mchanganyiko, kuna Mwarabu, kuna Nyingine. Niweke tiki wapi?"

Nikamwambia aniache nilale nalo. Baba yetu Mmakunduchi. Mama yetu baba yake Mshihiri, mama yake Mngazija. Kaka akaenda kuoa Lushoto, kwa hiyo kwa huyu binti ongeza na Usambara. Unguja ukimweleza mtu nasaba kama hiyo atakuuliza tu, "Wa mtaa gani?" na maisha yanaendelea. Kwenye fomu ya watu wa filamu ni mtihani wa taifa.

Kazi ya uigizaji nimeifanya miaka ishirini na ushee, na hii ya kusaka waigizaji saba ya mwisho. Nimesimama kwenye foleni za usaili Unguja, London, Paris na Dubai, sura yangu ni hii hii moja, na kila foleni iliisoma kivyake. Nilichomjibu binti asubuhi kilikuwa kirefu kuliko alivyokitaka. Baadhi yake nakiweka hapa, kwa ajili ya wengine wanaojaza fomu usiku.

Kazi yangu ya kwanza ya filamu iliisha kabla kamera haijawashwa. Ilikuja kampuni ya nje kushuti Mji Mkongwe, wakatangaza wanataka ekstra, watu wa kupita njia tu nyuma ya wahusika wenyewe. Alfajiri tukajipanga Kiponda, watu kama sitini, na mabaibui yetu na kofia zetu kama tulivyoambiwa. Akaja kijana msaidizi wa mwongozaji, karatasi mkononi, akawa anapita mbele yetu taratibu, mtu na uso wake. Wewe pembeni. Wewe baki. Wewe pembeni. Nikawekwa pembeni. Wakawekwa pembeni ndugu wawili wa Kihindi wenye duka lao hatua ishirini kutoka pale, na mama mmoja wa Kingazija, na mzee muuza kahawa.

Yule mzee ndiye aliyenikaa rohoni. Ile njia ilikuwa njia yake; kila siku jioni anapita na dele lake la shaba, anagonga vikombe, watoto wanamjua kwa mlio kabla hawajamwona. Lakini pua yake ilikuwa ya Hadhramut na rangi yake ya tende mbivu, na kijana hakumtaka. Dele alilitaka. Wakamwomba kwa adabu, wakampa kijana mmoja mrefu mweusi kutoka foleni, naye akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani. Mzee akamtazama, akanigeukia: "Mwanangu, mimi kahawa hapa nauza tangu Mzee Karume yuko hai. Leo naambiwa sifanani na muuza kahawa."

Nilipouliza, yule msaidizi hakuwa na ubaya wowote. Alinieleza vizuri tu kwamba watazamaji wa kwao watachanganyikiwa. Wakiona nyuso kama zetu watadhani hadithi imehamia Arabuni, na hii ni hadithi ya Afrika. Kwa hiyo wakapiga picha mtaa wa Zanzibar baada ya kuwaondoa nusu ya Wazanzibari waliokuwamo. Posho walitulipa wote, wa pembeni na wa katikati, na hilo nalisema kwa sababu makampuni mengine hayalipi.

Nilichukua miaka kuelewa kilichotokea pale. Aliyekuwa akinitazama hakuwa yule kijana. Alikuwa mtazamaji mmoja wa mbali ambaye sitakutana naye, na picha ya Afrika aliyonayo kichwani ilishachorwa kabla mimi sijazaliwa. Kijana alikuwa tarishi wake.

Kisha nikaenda London kusoma, na kusoma London maana yake kuosha vyombo. Rafiki akanipeleka kwenye wakala wa ekstra. Wiki ya tatu nikaitwa kwenye tamthilia ya zama za kale, nikafungwa kamba za gauni mpaka pumzi ikawa ya mkopo, nikasimamishwa kwenye ukumbi wa dansi wa mabwanyenye wa Kiingereza wa miaka mia mbili iliyopita. Kiponda, mtaani kwetu, sikufaa kuwa mpita njia. Huku nimekuwa bibie wa kasri. Nilicheka peke yangu nyuma ya feni ya mkononi.

Waingereza wana mambo mawili ambayo sisi huku tunayachanganya, na mwigizaji lazima ayatenganishe. La kwanza ni kumpa mtu nafasi bila kuitazama rangi, na hadithi nayo isiseme lolote kuhusu rangi. Hilo lilianzia jukwaani. David Oyelowo alipewa Mfalme Henry wa Sita na Royal Shakespeare Company mwaka 2000, akiwa mtu mweusi wa kwanza kumwigiza mfalme wa Uingereza kwa kundi hilo, na kuna waliouliza historia imekwenda wapi. Baadaye, mwaka 2019, Dev Patel, Mwingereza wa asili ya Kihindi, akamwigiza David Copperfield, mhusika wa kizungu wa riwaya ya Dickens, na ndani ya filamu hakuna hata mtu mmoja anayeshangaa. La pili ni kuitazama rangi kwa makusudi na kuijengea dunia yake, kama walivyofanya kwenye tamthilia ya Bridgerton tangu mwisho wa 2020: malkia wao mweusi, na ile jamii nzima imepangwa kutokana na hilo.

Kwa anayeigiza, tofauti yake ni kubwa. Kwenye lile la kwanza unaruhusiwa kusahau kwamba wewe ni mweusi mpaka siku ya kuitwa tena. Kwenye la pili rangi yako ni sehemu ya mhusika, ukiisahau umekosea kazi. Nimewaona wenzangu wakiingia chumbani hawajui wameitiwa lipi. Uliza. Si dharau kuuliza. Na wala usidhani kila mtu mweusi analipenda lile la kwanza: August Wilson, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, mwaka 1996 alisimama akalipinga hadharani, akisema Mwamerika mweusi anahitaji majukwaa yake na hadithi zake, si kuazimwa nafasi kwenye hadithi za wengine. Mimi nilizihitaji zile pauni, nikazipokea, lakini siku nyingine ndani ya lile gauni maneno yake yalikuwa yananikereketa.

Visanduku vya kutiki navyo vina sababu yake. Uingereza, ukitaka fedha za British Film Institute, taasisi ya filamu ya nchi hiyo, lazima uonyeshe umetimiza viwango vyao vya ujumuishaji, na BAFTA, watoaji wa tuzo za filamu za Uingereza, nao wakaviingiza kwenye baadhi ya tuzo zao. Marekani, baada ya kelele za 2015 na 2016 kwamba wateule wote wa uigizaji wa Oscar ni weupe, Academy, yaani chama kinachotoa tuzo hizo, iliandika vigezo vyake mwaka 2020, na tangu tuzo za 2024 filamu isiyovitimiza haishindanii Filamu Bora. Kwa hiyo kuna mtu ofisini ana jedwali na anahesabu. Mara nyingi ile fomu ya asili haimfikii anayechagua. Inakwenda kwenye hesabu. Anayechagua anaangalia picha zako na video yako. Fomu isikunyime usingizi. Andika ukweli, na kama kuna nafasi ya kuandika kwa maneno, andika kwa maneno. Mimi nilikuwa naweka tiki kwenye Mchanganyiko, kisha pembeni naandika Mswahili wa Zanzibar. Msichana mmoja wa ofisini aliwahi kunipigia kuuliza hilo ni kabila au dini.

Kilichonitesa London ni kiti cha mekapu. Dada mwenye kazi yake alifungua sanduku lenye faundesheni safu tatu, na safu mbili na nusu zilikuwa za weupe wa kila namna, weupe wa maziwa, weupe wa karatasi, weupe wa mtu mwenye homa. Zetu zilikuwa chupa mbili, moja kama chai ya maziwa, nyingine kama kahawa chungu. Akamimina zote mbili kiganjani, akachanganya kwa kidole, akanipaka huku akiniomba radhi. Chini ya taa nikatoka rangi ya jivu la mkaa. Kwenye tamthilia ilipotoka naonekana sekunde nne hivi, na katika sekunde hizo nne mimi ni maiti iliyohudhuria dansi. Tangu siku hiyo natembea na faundesheni yangu kwenye mkoba, na mafuta ya nywele, na kitana cha meno mapana, na picha yangu niliyopigwa mchana barazani bila taa yoyote ili mtu aone rangi ninayotakiwa kutoka nayo. Ukimpa mtu wa mekapu hivyo vitu kwa upole na mapema, kabla hujaketi, anashukuru. Ukimpa baada ya kuharibiwa, mmeshagombana.

Nikaja Paris kwa jamaa, nikakaa miezi minane. Huko hakuna kisanduku. Serikali ya Ufaransa haihesabu raia kwa rangi. Kila mtu ni Mfaransa, basi. Nikajisemea hapa ndipo pangu.

Nikaenda kwenye usaili wa sauti, kwa ajili ya mhusika mmoja, mama wa Kiafrika anayeuza vyakula. Kifaransa changu nilikipata darasani Dar, kimenyooka lakini cha madaftari. Mbele yangu alikuwa kaka mmoja wa Lubumbashi. Kiswahili chake kile cha Katanga nilikifuata kwa kukimbia, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha hakimu, kila neno limepigwa pasi. Akasoma mistari yake. Kimya. Sauti ikatoka kwenye kile chumba cha kioo: vizuri sana, sasa ifanye kwa lafudhi ya Kiafrika.

Kaka akauliza, "Ya wapi?"

Wakajibu, ya Kiafrika tu, ya kawaida.

Akawaambia kwamba hiyo waliyoisikia ndiyo lafudhi yake, na yeye ni Mwafrika. Wakacheka, wakidhani anatania. Akajaribu: akakivunja kile Kifaransa chake vipande vipande mbele yetu, akazungusha macho, wakafurahi. Alipotoka alinipita bila kuniangalia usoni. Nilipoingia mimi nikafanya vile vile, nikaiga sauti ya mama mmoja wa Abidjan niliyekuwa nakutana naye sokoni. Sikuipata kazi. Nadhani aliipata yule kaka.

Halafu Mei 2018 wanawake kumi na sita, waigizaji weusi na machotara wa Ufaransa, wakiongozwa na Aïssa Maïga, wakatoa kitabu kinachoitwa Noire n'est pas mon métier, yaani kuwa mweusi si kazi yangu, wakapanda ngazi za tamasha la filamu la Cannes wakiwa pamoja. Niliposoma nilimkumbuka kaka wa Lubumbashi. Hiyo ni nchi ambayo miaka minane kabla ya hapo ilimpaka Gérard Depardieu weusi na kumvisha nywele za kipilipili ili amwigize Alexandre Dumas, mjukuu wa mtumwa wa kike mwenye asili ya Afrika, kana kwamba katika Ufaransa nzima hakuna chotara anayejua kuigiza. Na miaka miwili tu baada ya filamu hiyo kutoka, Omar Sy akachukua César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora, mweusi wa kwanza kuichukua. Nchi ile ile. Kutokuhesabu rangi hakukuwazuia kuziona. Kuliwanyima tu namba za kuwekewa mezani wanapoulizwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu yeyote wa kwetu ni huu, na kama utaacha kusoma hapa sina neno: rangi wameshaiona kwenye picha kabla hujafika, huna la kuifanya. Lugha ndiyo utakayobadilishiwa mkiwa chumbani, na hapo una la kusema. Ukiambiwa lafudhi ya Kiafrika, uliza ya wapi. Wakisema yoyote, toa yako. Waambie mhusika huyu anaweza kuwa ametoka Pemba, anaongea hivi, sikilizeni. Wapo watakaokuona mjuaji. Wapo watakaokushukuru kwa sababu kusema kweli hawakuwa wanajua.

Mfano wake mkubwa ni mzee John Kani wa Afrika Kusini. Mwaka 1996 alikuwa kwenye ile filamu ya simba wala watu wa Tsavo, hadithi ya Kenya iliyopigwa Afrika Kusini. Miaka ishirini baadaye akapewa nafasi ya mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, kwenye filamu ya Captain America, na katika maongezi ya baba na mtoto akaleta lugha yake ya Kixhosa. Filamu ya Black Panther ilipokuja 2018, Kixhosa ndicho kikawa lugha ya taifa zima, hadi Lupita Nyong'o, Mjaluo wetu, akakaa chini kujifunza. Ramani za filamu hizo zinaiweka Wakanda huku kwetu Afrika Mashariki. Tulilalama sana vibarazani, iweje jirani zetu hao waongee Kixhosa. Lakini mzee alikuwa chumbani, sisi hatukuwepo.

Ghuba nitapita haraka. Dubai, kwenye matangazo ya biashara, hawakufichi: ujumbe unakuja simuni umeandikwa uraia na sura wanayoitaka, Mhindi wawili, Mzungu mmoja, mama wa Kiarabu mmoja. Kwa picha nikawa mama wa Kiarabu. Nikafika, nikafungua mdomo, Kiarabu changu cha chuoni kikanisaliti, mtu akasema, "Zinjibari," na mara nikahamishiwa jikoni, nikawa mtumishi wa yule mama niliyeitiwa kuwa. Ajabu yake, Maskati watu wengi wanaoitwa hivyo hivyo wanaongea Kiswahili kitamu kuliko changu, na ni raia wenye majumba yao. Kule wana historia na neno hilo. Kwenye tangazo la sabuni halikuwa na historia.

Na kuna kuigizwa bila kuitwa. Februari 2018, kwenye sherehe za mwaka mpya za televisheni ya taifa ya China, waliweka mchezo kuhusu reli ya Mombasa hadi Nairobi. Mama wa Kikenya aliigizwa na mwigizaji wa Kichina aliyepakwa weusi, makalio ya bandia, matunda kichwani, pembeni yake mtu ndani ya vazi la nyani. Miezi michache baadaye, Ramadhani, kichekesho kimoja cha Kuwait kikapaka watu weusi kuwaigiza Wasudani. Nilikuwa naona watu wanazibishania hizo mbili kama mambo ya adabu. Kwangu mimi ilikuwa kazi. Pale palikuwa na nafasi ya mama mtu mzima, ina mistari, ina malipo, na hakuna mama wa Kikenya aliyepigiwa simu.

Maana simu inapigwa kwa sababu, na mara nyingi sababu ni pesa. Mwaka 1981 Mkenya Joseph Olita alimwigiza Idi Amin, watu wakaogopa. Miaka kumi baadaye Mira Nair akamtumia tena kama Amin huyo huyo kwenye Mississippi Masala. Mwaka 2006 Amin akaigizwa na Forest Whitaker, Mmarekani, wakapiga Uganda kwenyewe, akajifunza na Kiswahili, akachukua Oscar. Kazi aliifanya, hilo simwibii. Lakini filamu kubwa huuzwa kabla haijapigwa: mnunuzi anataka jina analolijua, benki inataka mnunuzi, na jina linatoka Marekani au Uingereza. Ndiyo maana Hotel Rwanda ina Don Cheadle, na sehemu kubwa yake ilipigwa Afrika Kusini. Ndiyo maana mwalimu wa Kikenya kwenye The First Grader ni Naomie Harris wa London, ingawa kwa mzee Maruge mwenyewe, yule aliyeanza darasa la kwanza uzeeni, walimpata Oliver Litondo, mtu wa nyumbani. Usiende kusailiwa nafasi ambayo benki imeshaijaza. Tafuta ya pili na ya tatu kwenye orodha, zile zenye mistari lakini hazibebi bango. Na watafute waongozaji wanaoishi huku. Mira Nair ana nyumba Kampala na alianzisha Maisha Film Lab hapo. Alipokuja kufanya Queen of Katwe, iliyotoka 2016, yule mtoto mcheza chesi walimpata Kampala, Madina Nalwanga, kwenye darasa la ngoma. Anayeishi jirani na watu huwa hahitaji kuambiwa wanafananaje.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewasema wengine tu, na shangazi yangu mie alikuwa akisema ukinyoosha kidole angalia kucha.

Nilirudi Dar nikaanza kusaka waigizaji. Hizi seti zetu nazo zina foleni zake. Binamu yangu, mweusi wa kung'aa, amerudishwa nyumbani kwenye video ya muziki kwa maelezo kwamba taa hazitoshi. Mke wa tajiri lazima awe mweupe, dada wa kazi lazima awe mweusi, na nimemwona mwigizaji wa miaka kumi na tisa akianza mkorogo kwa sababu hiyo na si nyingine. Mwenye ualbino anaitwa siku tunayoigiza mganga. Hayo kila mtu anayajua na kila mtu anasema ni ya prodyuza mwingine.

Langu ni hili. Tulikuwa na filamu fupi, na ndani yake daktari. Akaja kijana wa Kihindi, shati limechomekewa, mistari ameikariri yote. Akaisoma vizuri mno, kwa upole wa daktari anayejua habari ni mbaya. Nikamwambia, "Safi. Sasa nifanyie tena kwa Kiswahili cha Kihindi."

"Kipi hicho, dada?"

"Kile cha dukani bwana, unakijua."

Akatabasamu. "Mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga. Dukani kwetu aliyekuwa akikosea Kiswahili alikuwa mteja kutoka bara."

Wenzangu chumbani wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikamsisitizia, jaribu kidogo tu. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kioo na wala sikulitambua. Akajaribu nusu mstari, akasimama, akashukuru, akachukua begi lake. Ni usiku, nikiwa jikoni, ndipo lile neno la Paris liliponirudia, na yule kaka alivyonipita bila kuniangalia. Kesho yake nikampigia. Akapokea kwa adabu zake zote, akaniambia ameamua kuendelea na kazi yake ya benki. Nafasi ikachukuliwa na mwingine aliyejua kuigiza Mhindi wa dukani, na siku ya kuonyesha watu ukumbini walicheka pale pale nilipokuwa nimetaka wacheke.

Baadaye nikaitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, aliyoitoa kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin binti wa Kihindi anayemkimbia mume mzee na kuingia Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, Denge na siasa zake za kumtoa mkoloni, Mwajuma anayeigizwa na Siti Amina. Yasmin ameigizwa na Ikhlas Gafur Vora. Anaongea kama mtoto wa mjini anavyoongea, hakuna anayempigia kicheko. Niliitazama mara ya pili kwa ajili ya watu wa nyuma tu, wapita njia. Wote walikuwemo. Nilimtafuta na mwenye dele.

Sasa mimi kwenye usaili nafanya hivi: mhusika akiandikwa "Mhindi" au "Mwarabu" au "Mmasai" bila jina na bila mji, namrudishia mwandishi. Anipe jina na mahali alipokulia, ndipo niite watu. Waandishi hununa wiki ya kwanza. Nanyi mnaoitwa, mna haki ya kudai hivyo hivyo hata kama ni kazi ya siku moja: mhusika anaitwa nani, anatoka wapi, nani ameandika mistari yake ya Kiswahili, na malipo yaandikwe kabla hujavaa nguo zao. Kama hana jina, uliza kama unaruhusiwa kumpa. Mara mbili nimekubaliwa.

Binti alifuata ushauri nusu, kama kawaida ya watoto wa kaka yangu. Kwenye fomu akaweka tiki kwenye Nyingine, akaandika nasaba nzima mpaka nafasi ikaisha katikati ya Lushoto. Lakini aliwaandikia kuuliza mhusika anatoka wapi, na wakamjibu, na wakamtumia kurasa tatu za mazungumzo. Kijiji cha pwani, msichana amerudi kutoka mjini, bibi yake anampokea mlangoni. Mstari wa kwanza wa bibi ni: "Jambo."

Alinipigia akicheka hadi anakohoa. "Shangazi, bibi anamwambia mjukuu wake jambo! Kama mtalii hotelini!"

Nikamwuliza amefanya nini. Akasema amekata, ameandika juu yake kwa kalamu, msichana anaanza kwa shikamoo bibi, na bibi anaitikia, "Marahaba mwanangu, mbona umekonda hivyo?" Amepiga picha ukurasa, amewatumia. Hiyo ilikuwa Jumanne. Hawajajibu bado.